Shajara ya Mizani Saba

Jumatatu, 3 Juni 2024

Jioni hii flashi saba zimefika ofisini kwa chama chetu, moja kutoka kila kituo cha kununulia pamba. Kila flashi ina faili moja la Excel ambalo karani wa mizani amelijaza akitazama kitabu cha stakabadhi: namba ya stakabadhi, jina la mkulima, kilo za pamba safi, kilo za pamba fifi, tarehe, saa. Power Query, chombo kilichomo ndani ya Excel, huyakusanya mafaili yote kutoka folda moja, huondoa mistari mitupu, hunyoosha vichwa vya safu, na kabla chai haijapoa nina jedwali moja safi. Sehemu hiyo nimeizoea.

Nisiyoizoea ndiyo inayofuata. Jedwali hilo linatakiwa liandikwe kwenye kanzidata ya SQL iliyo katika seva yetu, ili mhasibu atoe humo orodha ya malipo. Msimu uliopita tulikuwa tunanakili na kubandika kwa mkono. Mkulima mmoja akarukwa. Alikuja ofisini mara mbili kwa miguu, jua la Simiyu likiwa utosini, kudai pesa yake; kitabu kilimtambua lakini kompyuta haikumtambua. Namkumbuka jinsi alivyoikunja stakabadhi yake na kuirudisha mfukoni bila kusema neno. Msimu huu nataka skripti iandike, na iandike sawasawa.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi nilidhani nimemaliza. Ndani ya Power Query kuna amri iitwayo Value.NativeQuery, inayopeleka sentensi ya SQL kwenye seva kama ilivyo. Watu huitumia kupeleka SELECT, yaani kusoma. Mimi nikapeleka INSERT, yaani kuandika. Excel ikaomba ruhusa, nikairuhusu, mistari ikaingia, hakuna kosa lililoonekana.

Mchana nikachukua kitabu cha mizani ya tatu nilinganishe. Kitabu: kilo 2,418. Jedwali: kilo 4,836. Nikajumlisha upya kwa kikokotoo, nikidhani macho yamenidanganya. Mara mbili kamili. Mizani nyingine zote vivyo hivyo.

Nimekaa na jambo hili hadi jua limezama, na sasa nalielewa. Lugha ya M, ambayo Power Query huandikwa kwayo, haiendi hatua kwa hatua kama mtu anayepanda ngazi. Huitekeleza hatua pale tu matokeo yake yanapohitajika, na hatua ileile inaweza kuhitajika zaidi ya mara moja: mara ya kwanza ili kunionyesha sampuli ninapohariri, mara ya pili ninapopakia. Imejengwa kwa ajili ya kusoma, na kwa msomaji hilo halina madhara. Ukilisoma jina la mtu mara tatu hujampunguzia wala hujamwongezea. Ukiliandika mara tatu kwenye orodha ya malipo, umemlipa mara tatu, na pesa ya ziada umeichukua kwa jirani yake.

Kosa ni langu. Nilichukua chombo cha kusomea nikakifanya cha kuandikia.

Alhamisi, 6 Juni

Nilipanda pikipiki hadi mizani ya pili. Karani wa pale ni mzee aliyeanza kazi hii wakati mizani zilikuwa za mawe. Nikamwamkia, “Shikamoo, mzee.” “Marahaba, mwanangu. Kompyuta inasemaje?” Nikamweleza, naye akanifungulia kitabu chake.

Kila stakabadhi ina nakala tatu zilizoandikwa kwa karatasi ya kaboni. Ya kwanza anaondoka nayo mkulima, ya pili inakuja chamani, ya tatu inabaki kitabuni. Kila moja ina namba iliyochapwa kiwandani kwa wino mwekundu. “Namba ikishatumika, imetumika,” akasema. “Hata niwe nimelala, hata karani mwingine akishika zamu, namba hii haiwezi kuandikiwa mtu wa pili.”

Njia nzima nilikuwa naiwaza namba ile nyekundu. Jedwali langu halikuwa nayo kwa maana hiyo. Nilikuwa nimeiweka kama safu ya kawaida, sawa na jina au tarehe, kwa hiyo seva haikuwa na sababu ya kukataa ijirudie. Usiku huu, baada ya kuifuta mistari iliyojirudia, nimeifanya kuwa ufunguo mkuu. Peke yake haikutosha, maana vitabu vya vituo viwili vinaweza kubeba namba zinazofanana, hivyo ufunguo una sehemu mbili: namba ya mizani na namba ya stakabadhi. Nikajaribu kuuingiza mstari uleule mara ya pili. Seva imeukataa. Sijawahi kufurahia ujumbe wa kosa kama huu.

Ijumaa, 7 Juni

Kukataa tu hakutoshi. Mstari mmoja ukikataliwa, sentensi nzima inakwama, na mistari mia tano mizuri inazuiwa na mmoja uliokwisha kuingia jana.

Kwa hiyo nimetengeneza jedwali la pili, la mapokezi. Nimeiga yanayofanyika kituoni. Gunia halitoki begani likapanda mizani moja kwa moja. Kwanza linatua uwanjani, karani anatia mkono ndani hadi kwenye kiwiko akitafuta mchanga na unyevu, fifi inatengwa na safi, ndipo linapimwa. Mistari yangu nayo sasa inatua kwenye jedwali la mapokezi, ambalo ni la muda na husafishwa kila siku kabla ya kazi. Hapo naikagua: kilo zisiwe pungufu ya sifuri, namba ya stakabadhi isiwe tupu, mizani iwe kati ya 1 na 7. Ikishapita, sentensi moja inaihamisha kwenye jedwali kuu, na masharti yake ni WHERE NOT EXISTS: ingiza tu ile ambayo ufunguo wake haumo bado.

SQL Server ina pia amri ya MERGE, tangu toleo la 2008, inayoweza kuingiza, kubadilisha na kufuta kwa sentensi moja. Nimeiacha. Sitaki sentensi yenye uwezo wa kufuta iwe karibu na pesa za watu.

Jumapili, 9 Juni

Nyumbani. Watoto wamelala. Nimesoma habari za Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko California, ambaye mwaka 1970 alichapisha makala iliyoleta wazo la kanzidata za majedwali. Miaka minne baadaye wenzake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitoa lugha ya kuyauliza majedwali hayo, iliyoitwa SEQUEL, nayo ndiyo SQL ya leo.

Wazo la Codd lililonishika ni hili: mstari hautambuliwi kwa mahali ulipokaa. Katika jedwali lake hakuna mstari wa kwanza wala wa mwisho. Kinachoutambulisha mstari ni kilichomo ndani yake. Mimi kwa miaka minne nimekuwa nikiwaambia makarani, “Rekebisha mstari wa 14.” Karani akipanga faili upya kwa herufi, wa 14 ni mtu mwingine. Kuanzia kesho nitasema, “Rekebisha mizani ya tano, stakabadhi namba fulani.”

Jumatatu, 10 Juni

Mizani ya tano imegoma kuingia. Skripti ilikatika katikati na kulalamika kuhusu alama ambayo haikufungwa. Nikatafuta alama hiyo kwa muda mrefu kabla sijaiona, kwa sababu nimezaliwa nayo. Ilikuwa kwenye jina: Ng'wana.

Huku Usukumani nusu ya orodha huanza hivyo. Ng'wana ni mtoto wa fulani, kama katika jina la Ng'wanamalundi, mganga na mcheza ngoma ambaye kila mtoto wa hapa amesimuliwa habari zake. Kwa sisi ile alama ndogo ya juu ni sehemu ya herufi. Bila hiyo sauti inabadilika, ng'ombe anaacha kuwa ng'ombe. Lakini kwa SQL alama hiyohiyo ndiyo inayofungua na kufunga maneno. Skripti yangu ilikuwa ikiunganisha vipande vya maandishi kutengeneza sentensi: fungua alama, weka jina, funga alama. Seva ilipofika kwenye Ng ikaona alama, ikadhani jina limeishia hapo, na wana ikaihesabu kuwa amri isiyoeleweka.

Saa nne asubuhi nilifanya jambo ambalo nalijutia. Niliifuta alama kwenye majina yote. Yakaingia bila shida: Ngwana, Ngwandu, Ngwigulu. Mhasibu akapita nyuma yangu, akatazama skrini, akasema, “Kaka, hawa ni akina nani?” Yeye mwenyewe ana ng' kwenye jina la ukoo. Hakuwa amekasirika. Alisema tu kwamba jina kwenye laini ya simu lina alama, jina kwenye kitambulisho lina alama, na siku pesa zikikwama kwa sababu majina hayalingani, mkulima ndiye atakayeambiwa alete ushahidi kwamba yeye ni yeye.

Nimerudisha alama zote kutoka kwenye mafaili ya asili.

Ningeweza kuiandika alama mara mbili mfululizo, nayo seva huielewa kuwa ni alama moja ya kawaida. Lakini huko ni kuziba tundu moja kwenye ukuta wenye matundu. Tatizo ni kule kuunganisha kwenyewe: chochote alichoandika karani kwenye safu ya jina kinageuka kuwa sehemu ya amri yangu. Leo ni jina la mzee wa watu. Kesho mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika amri ya kufuta jedwali akaiita jina, na wezi wa mitandaoni wametumia mlango huo kwa miaka mingi.

Nimeamua kugawa kazi. Power Query itasoma na kusafisha, maana hapo haina mpinzani. Kuandika nitaikabidhi skripti ya Python yenye maktaba ya pyodbc. Humo sentensi inakwenda na alama za kuuliza mahali pa data, na data inakwenda pembeni, kila kimoja na njia yake. Seva inajua amri ni ipi na jina ni lipi. Ng'wana ameingia kama alivyo. Nimemwita mhasibu aje aone.

Alhamisi, 13 Juni

Leo seva imekataa mafaili yote saba kwa pamoja. Tarehe, inasema, haiwezekani.

13/06/2024. Kwa nini isiwezekane? Nikaijaribu ya jana, 12/06/2024, ikapita. Nikahisi ubaridi mgongoni. Nikafungua jedwali kuu, nikapanga kwa tarehe. Pamba ya Jumanne ya wiki iliyopita, 4 Juni, imeandikwa kuwa ya tarehe 6 Aprili. Ya jana imeandikwa kuwa ya Desemba, mwezi ambao mbegu huwa ndiyo kwanza zinatiwa ardhini. Siku moja tu iliyoingia sawa ni 6 Juni, kwa kuwa siku na mwezi vilikuwa na namba moja.

Seva imewekwa lugha ya Kiingereza cha Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Tulipoipelekea tarehe kama maandishi, iliisoma kwa desturi yake. Siku kumi na mbili za kwanza za mwezi zilipita kimya kwa sababu kila moja inafanana na mwezi fulani. Ya kumi na tatu haina mwezi, ndipo ikapiga kelele.

Linalonitia hofu ni ule ukimya. Ng' ilisimamisha skripti papo hapo. Tarehe ilikubali, ikaitikia, ikahifadhi uongo. Kama msimu wetu ungekuwa na siku kumi na mbili tu nisingejua kamwe.

Sasa naandika tarehe kwa tarakimu nane, mwaka, mwezi, siku: 20240613. Mpangilio huo seva huusoma namna moja tu, lugha yoyote iwekwayo. Na nimeongeza ukaguzi kwenye jedwali la mapokezi: tarehe isiyo ndani ya msimu isipite.

Ijumaa, 14 Juni

Baada ya tarehe, saa. Karani anaandika 2:15 akimaanisha saa mbili na robo asubuhi. Seva inahifadhi 02:15, usiku wa manane, wakati hata mbwa wa kituo wamelala. Na saa 12:30, jua linapochomoza, inakuwa adhuhuri.

Sikutaka kuwafundisha makarani saba kuandika saa za kigeni. Wanaandika wanavyoongea, na mkulima anayesoma stakabadhi naye anaongea hivyohivyo. Skripti ndiyo itafsiri. Igawe saa kwa 12, chukua baki, ongeza 6. Mbili inakuwa nane. Saba ya mchana inakuwa kumi na tatu. Kumi na mbili inabakiza sifuri, inakuwa sita. Mizani hufungwa saa kumi na moja jioni, kwa hiyo sina haja ya kubahatisha usiku.

Jumanne, 18 Juni

Siku ndefu. Niandike kabla sijasahau.

Asubuhi skripti ya Python, niliyokuwa nimeipanga upya, iliandika mistari 612. Hakuna kosa. Nikafungua jedwali la mapokezi, tupu. Nikaiendesha tena, tupu. Kumbe pyodbc yenyewe hufungua muamala na kusubiri. Usipoita commit, yaani usipothibitisha, ukifunga muunganisho kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Nilikuwa nimeandika kwa mkono mmoja na kufuta kwa mwingine. Nikaurudisha mwishoni mstari huo mmoja, niliouangusha nilipoipanga skripti upya, na mistari yote 612 ikaonekana.

Saa nane mchana, nikiandika mafaili ya jioni ya jana, umeme ukakatika. Seva na kompyuta yangu vyote vikazima, skripti ikiwa katikati. Dakika arobaini nilikaa gizani nikiwaza: imefika wapi? Mistari mingapi imeingia? Nitaitenganishaje?

Umeme uliporudi, sikukuta hata mmoja. Seva ilipowaka ilitazama kumbukumbu yake, ikaona muamala ulioanza bila kuthibitishwa, ikaufuta wote. Nikaiendesha skripti upya kuanzia mwanzo. Mistari yote ikaingia, hakuna uliopungua wala uliojirudia.

Wazo hili, la muamala kuingia wote au kutoingia kabisa, lina watu waliolisumbukia. Jim Gray, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi IBM, mwaka 1981 aliandika makala kuhusu muamala, akalifananisha wazo hilo na mkataba na harusi: mnajadiliana kwa muda, kila upande unaulizwa, na yote yakikubalika ndipo jambo linatangazwa, kisha hakuna kurudi nyuma. Kabla ya tangazo, yeyote akikataa, hakuna ndoa. Alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1998. Januari 2007 alitoka San Francisco na mashua yake, akiwa peke yake, kwenda kutawanya majivu ya mama yake baharini, na hakuonekana tena. Leo mchana wazo lake limelinda kilo za watu asiowajua, kwenye chumba kisicho na taa huku Simiyu. Nimeona ni wajibu jina lake liwemo humu.

Na tunaliita muamala, neno lilelile mkulima analolisoma kwenye simu pesa inapoingia. Anajua maana yake kuliko vitabu vyangu: imeingia yote, au haijaingia.

Ijumaa, 21 Juni

Nimeitengenezea skripti akaunti yake kwenye seva. Inaweza kusafisha na kujaza jedwali la mapokezi, na kuita utaratibu wa kuhamisha. Kwenye jedwali kuu haina ruhusa ya kufuta wala kubadilisha. Hata mimi nikikosea saa nne za usiku nikiwa na usingizi, kosa langu lina mpaka.

Jumatano, 26 Juni

Faili la mizani ya nne limekuja na stakabadhi iliyokwisha kuingia, lakini kilo zimebadilika: 68 zimekuwa 86. Skripti haikuiingiza, kwa sababu ufunguo upo. Je, niandike juu ya ile ya zamani?

Nikampigia mzee wa mizani ya pili. “Mwanangu, kitabu hakifutwi kwa raba. Ukikosea unapiga mstari mmoja ili chini yake pasomeke, unaandika sahihi juu, unatia saini.”

Nimetengeneza jedwali la masahihisho: ufunguo, kilo za zamani, kilo mpya, nani amesahihisha, lini, kwa sababu gani. Mhasibu anasoma yote mawili. Ya zamani inabaki, inasomeka.

Jumamosi, 29 Juni

Kabla ya orodha ya malipo kufungwa, niliiendesha skripti mara tatu kwa makusudi, mafaili yaleyale. Nikahesabu mistari kila mara. Hesabu haikubadilika. Kisha nikalinganisha jumla za mizani zote saba na vitabu, kilo kwa kilo. Mizani ya tatu niliirudia mara mbili.

Alasiri amekuja mzee, stakabadhi ameikunja mara nne. Nilimfahamu kabla hajakaa: ndiye yule aliyerukwa msimu uliopita. “Mwangaluka,” akasema, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, ingawa jua lilikuwa limeshainama, na mimi nikamwitikia hivyohivyo. Hakuwa na malalamiko. Alitaka kuona kama yumo.

Nikaandika namba ya mizani na namba nyekundu. Mstari wake ukatokea. Nikamgeuzia skrini. Akaweka kidole kwenye jina lake, akakipitisha taratibu, akasimama kidogo juu ya ile alama, akaendelea. Akaniuliza kilo, nikamsomea za safi, kisha za fifi. Akalinganisha na karatasi. Akauliza saa, nikaanza kusoma “saa nane,” maana skrini inaonyesha 08:15, nikajisahihisha.

“Saa mbili na robo asubuhi, mzee.”

“Ndiyo,” akasema. “Nilikuwa wa pili kwenye foleni.”

Akaikunja stakabadhi, akaiweka mfukoni, akaaga.